Grafini, dhahabu au kaboni ya kawaida: uchague kipi kwa kipimo cha haraka cha ugonjwa?

Mwanafunzi wa uzamili akitaka kutengeneza kihisi cha kugundua ugonjwa kwa dakika chache, siku hizi neno la kwanza linalomtoka ni grafini. Si ajabu. Machapisho yanayoisifu ni mengi, na sifa nyingi kati ya hizo ni za kweli. Tatizo huanza pale anapochagua malighafi kabla hajajua anatafuta molekuli gani, ipo kwa wingi kiasi gani, na imo kwenye damu, mate au mkojo. Huyo ndiye anayefika mwaka wa pili akiwa na mchoro mzuri uliopimwa kwenye bafa (maji safi ya maabara yenye chumvi iliyopimwa), huku matokeo ya damu hayasomeki.

Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili yake, na kwa mkuu wa maabara au mbunifu anayetaka kujua fedha yake kidogo aiweke wapi. Washindani ni wanne: utepe wa chembe za dhahabu, elektrodi (kipande cha kupitishia umeme) ya kaboni iliyochapwa, grafini ya leza, na transista ya grafini. Mashine za PCR, zinazozidisha DNA hadi ionekane, na GeneXpert ya kupimia kifua kikuu nitazigusa kama kipimo cha kupimia wengine tu.

Kwanza ujue grafini ipi

Grafini ni tabaka moja la atomi za kaboni zilizoungana kwa umbo la pembesita, unene wake takriban nanomita 0.34. Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester waliitenga mwaka 2004 kwa kubandua kinywe (grafiti, ile ya ndani ya penseli) kwa selotepu, tabaka baada ya tabaka, na mwaka 2010 wakapewa tuzo ya Nobel ya fizikia. Kwa kuwa kila atomi yake iko juu, hakuna "ndani" ya kujificha: molekuli yoyote ikigusa, umeme unaopita huathirika. Hapo ndipo mvuto wake ulipo.

Lakini madukani na kwenye machapisho neno hilo hilo linabeba vitu vitatu ambavyo havifanani. Cha kwanza ni grafini iliyooteshwa kwa gesi ya methani juu ya karatasi ya shaba kwenye joto la karibu nyuzi 1,000, kisha ikahamishiwa juu ya kipande cha silikoni. Hii ndiyo ya transista. Cha pili ni oksidi ya grafini iliyopunguzwa, inayotokana na kinywe kilichochemshwa kikemikali kwa asidi ya salfuriki na pamanganeti ya potasiamu, njia ambayo msingi wake uliwekwa na Hummers mwaka 1958. Hii huja kama tope jeusi la kudondoshea juu ya elektrodi. Cha tatu ni grafini ya leza, ambayo nitaieleza kwa kirefu hapa chini.

Kuna hoja moja nimeisikia mara nyingi Tanzania: tuna kinywe tele Mahenge na Lindi, basi grafini ni yetu. Kwa oksidi ya grafini hoja hiyo ina mantiki, maana kinywe ndicho malighafi. Kwa transista haina uhusiano, kwa sababu kaboni yake hutoka kwenye gesi. Anayeandika ombi la fedha asiyachanganye hayo mawili. Mkaguzi mmoja mwenye ujuzi atamuumbua.

Oksidi iliyopunguzwa siipi nafasi yake peke yake kwenye ulinganisho huu. Ina kasoro nyingi kwenye tabaka zake, hupitisha umeme kwa uhafifu kuliko ile ya methani, na pishi la Jumatatu huweza kutofautiana na la Ijumaa. Kama unayo, ichukulie kuwa kiungo cha kuboresha elektrodi ya kaboni.

Utepe wa dhahabu: bingwa wa zahanati

Kila aliyepimwa malaria kwa kile kipimo ambacho wahudumu wanakiita mRDT ameshaona teknolojia hii. Tone la damu kwenye kitundu, matone ya bafa kwenye kingine, na maji yanasogea polepole kwenye karatasi yakibeba chembe ndogo mno za dhahabu zilizovishwa kingamwili. Dhahabu ikiwa kwenye chembe za makumi ya nanomita haing'ari kimanjano, huonekana nyekundu. Protini ya kimelea ikiwepo, chembe zinanaswa kwenye mstari na mstari unajitokeza. Dakika 15 hadi 20, basi.

Haihitaji umeme, haihitaji mashine, na bei ya kipimo kimoja cha malaria kinaponunuliwa kwa wingi ni chini ya dola 1. Vingi vimeandikwa kuhifadhiwa hadi nyuzijoto 30 au 40. Mhudumu hufundishwa kukitumia kwa muda mfupi. Hakuna aina yoyote ya grafini inayokaribia mambo hayo yote kwa pamoja, na sioni aibu kulisema.

Udhaifu wake ni miwili. Hujibu ndiyo au hapana tu, na mstari hafifu huzua mabishano kati ya watu wawili wanaoutazama kwenye mwanga tofauti. Pia hauoni vitu vichache sana: kwa malaria, kipimo kizuri cha aina hii kinaanza kutegemewa kwenye vimelea 100 hadi 200 kwa kila mikrolita ya damu, wakati PCR huona wachache zaidi ya hapo kwa mbali.

Elektrodi ya kaboni: isiyosifiwa, lakini inalisha wengi

Stripu ya mashine ya sukari ndiyo kihisi cha kibayolojia kilichofanikiwa kuliko vyote duniani, na ndani yake mara nyingi kuna wino wa kaboni uliochapwa juu ya plastiki na kimeng'enya, protini inayoendesha mabadiliko ya kikemia, kinachokula glukosi. Wazo la kuweka kimeng'enya juu ya elektrodi lilitoka kwa Leland Clark na mwenzake mwaka 1962. Mashine ya kwanza ya nyumbani iliyosoma kwa umeme badala ya rangi iliingia sokoni mwaka 1987.

Faida yake ni kwamba inatoa namba, na kiwanda kinaweza kuchapa maelfu zinazofanana. Kwa mtafiti, elektrodi hizo zinauzwa tayari kwenye pakiti, na kifaa cha kuzisoma si lazima kiwe cha mamilioni. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walichapisha mchoro wa kifaa kinachoitwa CheapStat ambacho vipuri vyake vilikuwa chini ya dola 80, na mtu yeyote anaruhusiwa kukiiga. Fundi mzuri wa elektroniki hashindwi.

Lakini sukari ni kazi rahisi. Glukosi kwenye damu iko kwenye milimoli kwa lita, yaani imejaa, na kimeng'enya kinazalisha mkondo wa umeme mfululizo. Protini ya ugonjwa huweza kuwa chache mara mamilioni kuliko hapo, na kingamwili haizalishi chochote, inanasa tu. Hapo kaboni tupu huanza kuhema, na ndipo grafini inapostahili kuitwa.

Grafini ya leza: ninayoipendekeza kwa wengi

Mwaka 2014 kundi la James Tour la Chuo Kikuu cha Rice, Texas, lilionyesha kwamba ukipitisha leza ya kaboni dioksaidi juu ya plastiki ya poliimaidi, uso wake hugeuka kuwa grafini yenye vinyweleo. Poliimaidi ndiyo ule utepe wa rangi ya kahawia-manjano ambao mafundi simu hubandika kwenye bodi wasichome vipuri wanapolehemu. Na leza ya aina hiyo ndiyo iliyoko kwenye karakana zinazochonga mihuri ya mpira na vibao vya akriliki mijini.

Ukiitazama ikifanya kazi utaelewa kwa nini naipenda. Nukta ya leza inapita kwenye utepe, nyuma yake unabaki mstari mweusi uliovimba kidogo, laini kama masizi, lakini ukiuwekea ncha za mita unapitisha umeme. Unachora umbo la elektrodi tatu kwenye kompyuta, unalichoma kwa dakika chache, unapaka rangi ya fedha pale pa kushikia waya, na unazuia maji yasipande kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Hakuna chumba maalum, hakuna asidi. Ukikosea umbo, unachoma jingine baada ya chai.

Vinyweleo vile ndivyo vinavyoongeza eneo la kuwekea kingamwili, hivyo ishara ya umeme huwa kubwa kuliko kwenye kaboni iliyochapwa yenye ukubwa uleule. Usomaji wake ni wa kikemia-umeme: unaweka kwenye maji kitu kinachotoa na kupokea elektroni, kwa mfano buluu ya methilini au chumvi ya ferosaianidi, kisha unapima mkondo. Kingamwili ikinasa protini, njia ya elektroni inazibwa na mkondo unashuka. Kadiri protini ilivyo nyingi, ndivyo unavyoshuka.

Mfano mzuri ni kifaa cha RapidPlex kilichotolewa mwaka 2020 na kundi la Wei Gao la Caltech. Elektrodi za grafini ya leza kwenye kadi moja zilipima kwa pamoja protini ya virusi vya korona, aina mbili za kingamwili za mgonjwa, na CRP, protini inayoonyesha uvimbe (inflamesheni) mwilini, kwenye damu na mate, ndani ya dakika 10. Zingatia hapo: vitu vinne vya aina tofauti, kila kimoja na namba yake. Utepe wa dhahabu ungekupa mistari minne na mabishano manne.

Kasoro zake? Leza ikilegea nguvu au utepe ukikunjamana, elektrodi ya kulia haitafanana na ya kushoto. Lazima upime upinzani wa kila moja kabla ya kuitumia na kutupa zilizopotoka. Na zile nyuzi nyeusi hukwanguka ukizigusa kwa kidole.

Transista ya grafini: kali, lakini ina masharti

Hapa kipande cha grafini ya methani kinaunganisha nguzo mbili za chuma, na umeme unapita juu yake. Molekuli yenye chaji ikitua, mkondo hubadilika mara moja, bila rangi wala kemikali ya ziada. Kanuni ni safi, na matokeo ya maabara yanashangaza.

Mwaka 2019 kundi la Kiana Aran huko California lilionyesha CRISPR-Chip, iliyotambua kasoro ya jeni inayosababisha ugonjwa wa misuli wa Duchenne kwa dakika 15 bila kuzidisha DNA kama PCR inavyofanya. Mwaka uliofuata watafiti wa Korea Kusini waliweka kingamwili za virusi vya korona juu ya transista hiyo na kuripoti kuona protini ya virusi kwa femtogramu 1 (gramu moja ukiigawa mara milioni bilioni) kwa mililita.

Tusimame hapo kwenye femtogramu. Ile 1 ilipatikana kwenye bafa safi. Kwenye maji ya kubebea sampuli za hospitali ilikuwa 100. Mara mia, kwa kubadilisha majimaji tu. Kisha fanya hesabu ndogo: protini yenye uzito wa daltoni 180,000 (daltoni ni kizio cha uzito wa molekuli), kwa femtogramu 1, ni molekuli zaidi kidogo ya 3,000 kwenye mililita nzima, yaani kama tatu kwenye tone la mikrolita moja. Mimi nikiona namba kama hiyo, kwenye chapisho lolote, swali langu la kwanza ni molekuli hizo tatu ziliifikiaje grafini kwa dakika chache, na la pili ni sampuli ngapi zisizo na kitu zilipimwa pembeni. Sisemi namba ni ya uongo. Nasema isiwe sababu yako ya kuchagua.

Adui mkubwa wa transista ni chumvi. Damu imejaa ioni, yaani chembe za chumvi zenye chaji, na ioni huizingira chaji yoyote na kuificha. Umbali ambao chaji bado inaonekana huitwa urefu wa Debye, na kwenye damu ni kama nanomita 0.7. Kingamwili nzima ina urefu wa nanomita 10 hivi. Protini ikinaswa kwenye ncha ya kingamwili, iko nje kabisa ya macho ya grafini.

Watu hupita hapo kwa njia kadhaa. Wapo wanaoizimua sampuli mara mia ili ule urefu ufike kama nanomita 7, lakini hapo wamezimua na kile wanachokitafuta. Wapo wanaotumia aptama, vipande vifupi vya DNA vinavyonasa protini karibu na uso. Kundi la Rashid Bashir huko Illinois liliikunjakunja grafini yenyewe mwaka 2020 ili mabonde yake yaipunguzie chumvi nguvu. Zote ni kazi nzuri, na kila moja inakuongezea hatua.

Halafu kuna kupeperuka. Ukiweka chipu ndani ya bafa bila kuongeza chochote, mkondo wake hausimami tuli, unasogea taratibu. Asiyesubiri utulie, au asiyeweka chipu ya pembeni isiyo na kingamwili ya kulinganisha nayo, atasherehekea ugonjwa ambao haupo. Maandalizi nayo ni marefu: molekuli ya pairini ya kuunganisha, kuosha, kingamwili kulala usiku kucha kwenye friji, kuosha tena, kuziba mapengo ili albumini, protini ya damu, isinate ovyo. Chipu zenyewe unaagiza. Graphenea ya Hispania ni miongoni mwa wanaoziuza tayari. Biashara ya eneo hili bado inatafuta miguu: Cardea Bio, kampuni iliyokuwa ikiendeleza CRISPR-Chip, ilinunuliwa na Paragraf ya Uingereza mwaka 2023.

Sasa njoo na ugonjwa wako

Malaria ya kawaida kwenye zahanati: utepe wa dhahabu, usihangaike. Kuna hoja kwamba vipimo vingi hutafuta protini ya HRP2, na kwamba Eritrea, Ethiopia na Djibuti wameonekana vimelea waliopoteza jeni yake. Ni kweli, na ni tatizo zito. Lakini hata ukiweka kingamwili ya HRP2 juu ya grafini safi kuliko zote, kimelea asiyetoa HRP2 atapita vilevile. Dawa yake ni kutafuta protini nyingine, kama pLDH, na hiyo inawezekana kwenye utepe. Grafini ya leza ingeingia pale unapotaka kuwaona wabebaji wasioumwa, wenye vimelea wachache.

Sukari: kaboni iliyochapwa. Kuongeza grafini hapo ni kuongeza gharama.

Shambulio la moyo ni habari nyingine, na kwangu ndiyo kesi yenye nguvu kuliko zote kwa upande wa grafini. Troponini, protini inayovuja kwenye damu misuli ya moyo ikiumia, kwa mtu mwenye afya iko kwenye nanogramu chache kwa lita, na daktari hahitaji "ndiyo". Anahitaji namba ya sasa na namba ya saa moja au tatu baadaye aone kama imepanda. Utepe wa kawaida hauwezi. Mashine kubwa za hospitali zinaweza, ila ziko kwenye hospitali kubwa. Elektrodi ya grafini ya leza inayosoma troponini kitandani kwa mgonjwa ni mradi ningeuwekea fedha.

Kifua kikuu kinategemea unashindana na nani. GeneXpert inatoa jibu chini ya saa mbili, inasema na kuhusu usugu dhidi ya dawa ya rifampisini, na bei ya katriji yake kwa nchi zenye kipato cha chini ilishushwa mwaka 2023 hadi dola 7.97. Kwa makohozi, kuishinda ni vigumu. Penye mwanya ni mkojo. Ukuta wa bakteria wa TB hutoa kitu kinachoitwa LAM ambacho hupita kwenye mkojo kwa kiasi kidogo, na utepe uliopo, ambao Shirika la Afya Duniani limeupendekeza kwa watu wanaoishi na VVU, huwakosa wagonjwa wengi. Mkojo una protini chache za kunata kuliko damu. Kihisi cha grafini kina nafasi ya kweli hapo, kwa kikemia-umeme kwanza, transista baadaye.

Kutafuta jeni au RNA ya virusi bila kuizidisha: hapo transista inajitetea vizuri, kwa sababu DNA imejaa chaji hasi na unaweza kuipima kwenye bafa yenye chumvi kidogo. Ila kumbuka CRISPR-Chip ilipewa DNA ya binadamu iliyokwisha kutolewa kwenye seli. Dakika 15 hizo hazihesabu kazi ya kuitoa.

Kuhusu vibali, utepe na stripu vina njia iliyokwisha kukanyagwa; mamlaka ya dawa na vifaa tiba, TMDA, kwa Tanzania na Bodi ya Famasia na Sumu kwa Kenya wanajua waulize nini. Kwa transista utalazimika kuwaeleza tangu mwanzo kifaa ni nini, jambo linalowezekana, lakini liweke kwenye ratiba.

Kabla ya kuagiza chochote

Anza na seramu ya watu wasio na ugonjwa, kutoka kwa watu tofauti, kwa kibali cha maadili kilichokamilika. Iweke kwenye elektrodi zako zilizovishwa kingamwili, usiongeze protini yoyote, na usome kila moja. Kisha chukua seramu ya mtu mmoja uigawe kwenye elektrodi zote za kundi moja. Majedwali mawili ya matokeo hayo yatakuonyesha kelele, yaani kuyumba kwa namba, ya watu na ya vifaa, na ni ya bei rahisi kuliko chipu yoyote. Anayekuuzia chipu za grafini muulize jedwali la pili la kwake. Akikupa mchoro wa chipu moja iliyofanya vizuri, endelea kuuliza. Na kama tofauti kati ya chipu na chipu inazidi mabadiliko yanayoletwa na kiwango cha ugonjwa unachokitafuta, hiyo oda isubiri. Nunua pakiti ya elektrodi za kaboni, roli ya poliimaidi, na saa chache za leza.